Maji ya Kunawa ya Karasha

Kabla sijaondoka kazini, mkuu wa maabara aliniomba nimwachie mwongozo wa kusafisha karasha, mashine yetu ya kusagia mawe, kurasa mbili tu, zibandikwe ukutani. Nimeshindwa. Kila nikiandika "hatua ya kwanza" namkumbuka Mzee Ambakisye, na hatua ya kwanza inageuka hadithi. Basi nimeamua kuandika ninavyojua mimi, na ninyi vijana wa chumba cha kusagia mtajichagulia cha kubandika. Mkishindwa kuchagua bandikeni yote, ukuta ule ni mkubwa.

Kwa asiyenijua, jina langu ni Vaileth, mzaliwa wa Kihesa, Iringa, na nimestaafu mwaka huu baada ya kuponda mawe ya watu maisha yangu yote ya kazi. Wataalamu walileta mawe hapa Mbeya, sisi tukayavunja, tukayasaga kwenye karasha yakawa mchanga, tukayaosha kwenye karai, tukayapitisha sumaku, na mwisho tukakaa kwenye hadubini kutafuta punje za zirikoni. Zirikoni ni kitu kidogo kuliko chembe ya chumvi, kigumu kupindukia, na ndani yake kimetunza umri wa jiwe lililokizaa. Jiwe mama linaweza kusagika na kubebwa na mto, lakini punje inabaki na umri wake. Kupimwa zilipelekwa ng'ambo, kwenye mashine ambazo sisi hatukuwa nazo. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba punje inayopanda ndege imetoka kwenye jiwe lililoandikwa kwenye lebo, basi.

Niliajiriwa kama mfagizi. Siku ya kwanza nilijifunga kitenge, nikaingia chumba cha karasha na ufagio wa chelewa, nikafagia kwa bidii zote alizonifundisha mama. Vumbi likapanda mpaka darini. Mezani kulikuwa na mawe ya Chunya, ya Tukuyu na ya kwetu Iringa, kila moja kwenye sinia lake. Nilipogeuka nikamwona mlangoni mwanaume mrefu, mwembamba, amevaa kofia ya sufu, anaangalia lile vumbi kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Binti, unatoka wapi?"

"Iringa."

"Sasa hivi umeichukua Iringa yote umeiingiza Chunya. Chunya nayo umeipeleka Tukuyu kwetu. Haya, toa huo ufagio nje, na usiurudishe humu mpaka nife."

Huyo ndiye Mzee Ambakisye, mpondaji mkuu, Mnyakyusa wa Tukuyu na mzee wa kanisa. Wakati ule hakuwa mzee hata kidogo, ila aliitwa Mzee kwa sababu ya namna alivyokohoa kabla ya kusema. Nilidhani nimefukuzwa kazi saa mbili asubuhi. Badala yake alinipa kitambaa kibichi na kunionyesha namna ya kupangusa: upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini, ukifika mwisho unakunja kitambaa unaanza na upande safi. Baada ya wiki aliniambia nikate kucha. Baada ya mwezi aliniambia nifunge nywele. Baada ya mwaka nilikuwa msaidizi wake, na mfagizi mpya alikuwa mtu mwingine, maskini, ambaye naye aliingia na ufagio.

Sasa hapa ndipo penye mambo ya kubandika ukutani. Majumbani kwetu hakuna anayegusa chakula kabla hajaletewa maji ya kunawa, na akimaliza ananawa tena. Mzee alisema karasha nalo lina mdomo na lina adabu zake. Kabla ya kila sampuli alilipatia bakuli la jiwe jeupe, lile ambalo wataalamu huita kwatzi, ambalo halina zirikoni ndani. Jiwe jeupe likipita kwenye meno ya karasha linakomba masalia yote ya sampuli iliyotangulia. Kwa lugha yake, karasha "limenawa." Watu wengi hufanya hivyo, wala si uganga. Uganga wake ni kwamba hakuutupa ule mchanga mweupe. Aliuweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililooshwa, akaandika kwa mkono wake: Maji ya kunawa, kabla ya sampuli fulani.

Wataalamu wapya walicheka. "Mzee, mbona humu hamna maji?"

"Ukinawa, yale maji yakitoka meusi, mwenye nyumba anajua ulikuja na mikono ya namna gani," aliwajibu. "Kopo hili halifunguliwi ovyo. Litafunguliwa siku ya ubishi."

Makopo yakajaa rafu tatu. Kwa miaka mingi hakuna hata moja lililofunguliwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumbishia.

Na jiwe jeupe lenyewe hakuliokota popote. Kuna kilima ukishapita Mbalizi, chenye mshipa mweupe ubavuni. Mzee alikipanda kila baada ya miezi michache na nyundo na gunia, akavunja mabonge, akatupa maganda ya nje na kubeba kiini tu. Nilimwuliza kwa nini asichukue kokoto nyeupe za mtoni, ambazo zimejaa tele na hazihitaji nyundo. Alikohoa, akasema kokoto ya mtoni imelala na watu wengi. Mimi nikacheka, nikadhani ni utani wake wa kawaida kwa sisi Wahehe wa Iringa. Ningemwuliza maana yake siku ile, ningejiokoa na mengi.

Dokta Salma alikuja kwetu nikiwa tayari mzoefu. Alizaliwa Mbalizi kwenye duka la vitenge la baba yake. Babu zake walipanda kutoka Kilwa na biashara na hawakurudi. Kwa hiyo alikuwa mtu wa baridi ya Mbeya anayeongea Kiswahili cha pwani, na hasira zake zilikuwa na lafudhi nzuri hivi kwamba ulitamani kukemewa. Alimwamkia Mzee kila asubuhi kabla ya kuweka mkoba chini, japokuwa yeye ndiye aliyekuwa na digrii tatu. Mimi nilimpenda siku hiyo hiyo.

Dokta alikuwa anatafuta vipande vya bara vilivyopotelea baharini. Mimi nilijua bara ni huku tuliko, na bahari ni kule wanakotoka samaki wakavu. Kwamba kipande cha bara kinaweza kuwa katikati ya bahari peke yake, kilomita nyingi kutoka pwani yoyote, hilo lilikuwa jipya kwangu. Nilimwuliza kinafikaje huko. Alijaribu kunichorea, akafuta, akachora tena. Mwisho akasema, "Nitakuonyesha mahali panapojaribu kufanya hivyo sasa hivi," akatupakia mimi na Mzee kwenye gari tukaenda njia ya Matamba, ile yenye kona hamsini na saba.

Karibu na juu tulishuka. Chini yetu Usangu yote ilikuwa imetandazwa, mashamba ya mpunga, na mbali kabisa vumbi la ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Dokta alisema ile tambarare yote imezama. Hapa tuliposimama na pale chini palikuwa sawa zamani, ardhi ikavutwa huku na huku mpaka ikapasuka. Bonde la ufa linapita Mbeya na kugawanyika, mkono mmoja Rukwa, mwingine Nyasa, mwingine huu wa Usangu. Likiendelea kuvutwa, chini patatanuka na kuwa pembamba, bahari itaingia, na katikati kutazaliwa sakafu mpya ya mawe meusi. Pwani mbili zitaachana.

"Hapo nimeelewa," nikasema. "Sasa kipande kinabakije katikati?"

Dokta akaokota kijiti, akainama kuchora vumbini. Kando ya barabara mama mmoja wa chai alikuwa anahangaika na gogo la mkaratusi kwa shoka butu. Mimi nimekua Kihesa nikipasua kuni. Sikuweza kuvumilia kutazama. Nikamwomba shoka. Pigo la kwanza ufa ukafunguka vizuri kabisa. La pili, la tatu, ukafika kwenye kifundo, ukagoma. Nikapiga tena kwa hasira, na ufa ukaruka: ukauacha ule wa kwanza ulivyo, ukafunguka mwingine pembeni, ukashuka hadi mwisho. Gogo likaachana. Katikati kikabaki kibanzi kirefu, hakipo upande huu wala upande ule.

"Hicho!" Dokta alipiga kelele, akaruka kwenye magamba ya kuni na viatu vyake vizuri. "Hicho hapo, Vai! Ufa umechoka huku, umehamia kule!"

Akatueleza akiwa bado ameshika kile kibanzi. Ufa wa bahari nao huanza mahali pamoja, unafunguka, bahari inakua. Halafu pembeni, kwenye ukingo wa bara, mwamba wa moto unapanda kutoka chini na kuilainisha ardhi. Ufa unaona pale ni rahisi zaidi, unaruka. Ule ukingo unakatwa, unabaki na bahari ya zamani mgongoni na bahari mpya usoni. Ndivyo ilivyokuwa India ilipoachana na Madagaska, ambayo bibi yake Dokta aliiita Bukini mpaka alipofariki: ufa ulikuwa upande mmoja, ukaruka karibu na India, na Shelisheli ikaachwa njiani. Ndiyo maana mawe ya Shelisheli ni graniti, ya kibara kabisa, kama mawe makubwa ya Iringa. Vipande vingine vimevutwa vikawa vyembamba, vikazama, na volkano zikaja kumwaga mawe meusi juu yake mpaka havionekani tena.

Mzee aliichungulia Usangu kule chini. "Kwa hiyo Usangu ikifunguka," alisema, "ufa ukaruka vibaya, Kihesa inaweza kubaki baharini peke yake?"

"Inawezekana, Mzee wangu. Si leo."

"Basi Wahehe waanze kujifunza kuogelea."

Tulicheka mpaka mama wa chai akatuuliza tumekunywa nini. Lakini mimi nilikuwa bado natazama kule chini. Nchi nzima inapasuka kama kuni, polepole kuliko ukucha unavyoota, na mtu mmoja kutoka duka la vitenge anaweza kuusoma ule ufa kama barua. Tangu siku hiyo kwenye maabara yetu hakuna aliyesema bara dogo. Tulisema kibanzi.

Mwaka uliofuata Dokta alirudi kutoka safarini na jiwe jeusi la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Lilitoka kwenye kisiwa cha volkano, mbali mashariki ya Madagaska. Kisiwa hicho ni kichanga kwa umri, lava tupu. Jiwe la lava kama lile kwa kawaida halina zirikoni za kutosha hata kubishania. Lakini Dokta alishuku kwamba chini ya kisiwa kuna kibanzi kimefunikwa. Lava ikipanda kupitia kwenye mwamba wa kale, alisema, inaweza kutoka na punje za kale, kama mtu aliyekatiza shamba akafika nyumbani na kishona nguo, ile mbegu ya majani inayonasa, kwenye sketi. Hakutaka mwenye shamba, alitaka kishona nguo. Jiwe alilikata kwa msumeno nusu kwa nusu, nusu moja akaifungia kabatini, nusu akatukabidhi.

Wakati huo goti la Mzee lilikuwa limeanza kumsumbua. Alikuwa likizo ya matibabu wiki mbili, na pipa la jiwe jeupe lilikuwa limebakiwa na vumbi. Mimi nilikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu anayeolewa, huko Ruaha Mbuyuni. Jumapili asubuhi, wenzangu wakichagua vitunguu vya kubeba, nilishuka mtoni. Jamani, zile kokoto! Nyeupe pe, zimeoshwa na mto tangu enzi, laini mkononi kama mayai. Nikawaza goti la Mzee na kile kilima. Nikajaza kiroba kizima, nikakibeba hadi Mbeya pamoja na vitunguu, mgongo ukiniuma lakini moyo umefurahi. Nilizisuuza, nikazimimina kwenye pipa. Kesho yake nikalinawisha karasha kwa bakuli la kokoto zile, nikajaza kopo, nikaandika lebo, nikasaga jiwe la kisiwani.

Mzee aliporudi alichungulia pipa, akakuta limejaa. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyesamehewa. "Umepanda kilima peke yako, Vai? Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa. Kisha akauliza, kwa mazoea tu, "Jiwe la wapi hili?"

Nilitaka kusema. Lakini alikuwa amefurahi mno, na mimi nilikuwa nimechelewa sentensi moja. "Ni lile lile, baba," nikasema.

Hilo neno ndilo linalonifanya niandike kurasa zote hizi.

Nusu ile ya jiwe ilitupatia punje tatu. Nilizitoa mimi mwenyewe kwa sindano, jicho kwenye hadubini, nimezuia pumzi. Zilipopimwa, jibu lilirudi kwamba umri wake unapita miaka bilioni, ndani ya lava ya juzi juzi. Dokta alilia hadharani. Alimkumbatia Mzee, mzee wa kanisa, mbele ya watu, naye akasimama wima kama nguzo asijue mikono aiweke wapi. Dokta akaandika matokeo na kuwapelekea wenzake wa ng'ambo wayasome.

Mwezi haukuisha. Mmoja wao akajibu kwa adabu sana, na mtu wa sayansi akiwa na adabu sana ujue kuna shida. Alisema punje zote tatu zimeviringika kama zilizosafiri mtoni. Alisema umri wake unafanana na wa mawe ya Tanzania, tena ya upande wa Iringa. Akauliza kama karasha letu lilikuwa safi.

Dokta alituita mezani akatusomea barua bila kuficha kitu. Akatueleza ubaya wake ulipo. Madagaska na Tanzania zilikuwa nchi moja zamani, zimeshikana. Kibanzi cha kweli chini ya kisiwa kingekuwa na umri kama wa mawe yetu, kwa kuwa ni ndugu. Na uchafu kutoka kwenye mashine yetu nao ungekuwa na umri huo huo. Umri hauwezi kutenganisha. "Mzee wangu," akasema taratibu, "lilikuwa safi?"

"Safi," Mzee alisema. Halafu akainuka, akaenda kwenye rafu, akashusha kopo. Ilikuwa siku ya ubishi.

Kulifungua ni kazi ya siku nzima: kuosha ule mchanga mweupe kwenye karai, sumaku, kukausha, hadubini. Mzee hakutaka msaada. Mimi nilijifanya napanga lebo, nikimtazama mgongo. Mchana hakula. Alasiri aliinua kichwa, akavua kofia, akaiweka mezani. Kwenye maji ya kunawa kulikuwa na zirikoni. Zilikuwa nyingi, zote zimeviringika.

"Ni macho yangu yamechoka," alisema. "Sikulisafisha sawasawa kabla ya kwenda hospitali, nikaacha uchafu kwenye meno. Dokta, nimekuaibisha. Kesho nitaandika barua ya kuacha kazi."

Naomba mnielewe, vijana. Yule mtu alikuwa amesaga mawe ya nchi nzima na hakuwahi kuchanganya hata chembe. Pale alikuwa amekaa, kofia mezani, anatubu kosa langu. Ningenyamaza, angeondoka na lawama, na mimi ningebaki na karasha. Nawaambia ukweli, kwa muda wa kama kumeza mate mara mbili nililifikiria hilo.

"Si macho yako, baba," nikasema. "Ni kokoto za Ruaha Mbuyuni."

Nikaeleza yote, sendofu, kiroba, goti. Dokta alishika kichwa. Mzee akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Kwenye nyufa." Nyufa za kokoto, yaani. Kokoto imebingirika na mchanga wa mto kwa miaka, na kila ufa wake umeshika chembe. Mto ule unashuka kutoka Usangu, unapita kwenye mawe ya Iringa, unazoa zirikoni za kila kilima. Hiyo ndiyo maana ya kulala na watu wengi. Nilikuwa nimelinawisha karasha kwa maji machafu.

"Nilitaka usipande kile kilima," nikasema, huku nalia sasa.

"Kokoto nimekusamehe. Ulikuwa hujui, na mimi sikukufundisha, nilikutania tu." Akachukua kofia. "Hilo 'lile lile' ndilo litanichukua muda."

Lilimchukua wiki. Alinisalimia, aliniagiza kazi, lakini hakuniita Vai.

Dokta Salma aliandika barua jioni ile ile. Mkuu wa wakati ule alimshauri asubiri, kwani nusu ya pili ya jiwe ipo kabatini, pengine itamtetea. Alikataa. "Punje hizi tatu si za kisiwa, na leo nalijua hilo. Kwa nini nilale nalo?" Aliandika kwamba anazifuta, kwamba kosa limetokea kwenye maandalizi ya maabara yetu, na akaeleza lilivyotokea ili wengine wasilirudie. Jina langu hakulitaja. Nilimwomba alitaje. Akaniambia, "Barua inasema 'sisi,' Vai. Na wewe umo humo." Nimefanya kazi na wataalamu wengi, wengine wana majina makubwa kuliko lake. Sijaona mwingine aliyezika ndoto yake kwa sahihi nzuri namna ile.

Kisha tukaanza upya. Mzee alipanda kilima mwenyewe. Nilimwambia nitakwenda mimi, akajibu, "Utakuja nyuma." Alikanyaga hatua moja, anapumzika, anakanyaga nyingine, na kila nilipomshika kiwiko alikichomoa. Juu pale aliniwekea nyundo mkononi, akanionyesha: piga, toa ganda, tazama kiini kwenye jua, kama kina ufa mchafu tupa. Nilitupa mabonge mengi kuliko niliyobeba. Tulipokuwa tunashuka aliniambia, "Vai, angalia, hapo panateleza," na nikajua wiki imeisha.

Karasha tulilifungua lote, nati kwa nati. Kila jino lilisuguliwa kwa brashi ya waya, likapulizwa kwa kompresa uani, mbali na chumba. Tulilinawisha mara tatu, makopo matatu. Mzee alisema jiwe lisisagwe mpaka kopo la tatu lichunguzwe, na mpaka leo hiyo ndiyo sheria ninayowaachia. Kama mkuu anataka hatua ya kwanza, ni hiyo. Ila siku ile Dokta alisihi, alikuwa na safari na nusu ile ya jiwe ilikuwa ya mwisho, hana nyingine duniani. Wakakubaliana kwamba jiwe lisagwe na kopo la tatu lichunguzwe siku moja, hadubini mbili, mimi kwenye jiwe, Mzee kwenye maji ya kunawa.

Msiopenda kusubiri, nawaambia mapema: nilipata punje moja. Moja tu, imevunjika upande, pembe zake bado kali, haijawahi kuuona mto. Ilipopimwa baadaye, nayo ilipita miaka bilioni. Dokta aliandika kwamba punje moja ni punje moja, isibebeshwe zaidi ya uzito wake, na kwamba wengine wapeleke nyundo zao kisiwani. Yeye mwenyewe aliamini kibanzi kipo. Mimi pia naamini, lakini mimi si wa kuulizwa.

Ninachotaka mkijue ni kile cha mchana ule, kabla ya vipimo vyote. Nilipoiona ile punje niliita, na Dokta akaja mbio, akaweka jicho, akaanza kusema alhamdulillah, alhamdulillah, akinipigapiga bega. Kipande cha nchi, kimekatwa na ufa uliochoka, kimezama, kimefunikwa na moto, na kishona nguo chake kipo hapa Mbeya chini ya kioo. "Mzee wangu, njoo! Njoo uone!"

Mzee hakugeuka. Alikuwa bado kwenye hadubini yake, na kile kisahani cha mchanga mweupe anakisogeza kidogo kidogo, mstari baada ya mstari, upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini. Dokta akaacha kunipiga bega. Kama kungekuwa na chembe moja pale, punje yangu nayo ingekuwa uchafu, na hatukuwa na jiwe lingine. Alifika mwisho wa kisahani, akarudi mwanzo, akapita tena chote.

Halafu akainuka, akavaa kofia yake.

"Hamna kitu," alisema.

Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi vile kwa kutoona chochote. Dokta alimshika mkono kumvuta kwenye hadubini yangu, akaione ile punje ya kale iliyotoka chini ya bahari. Akaukataa mkono kwa upole, akaanza kufunika karasha kwa turubai.

"Hiyo tazameni ninyi," alisema. "Mimi nimeshaona yangu."